Maneno Manne na Mlango wa Mama

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Daraja Mbili nikitafuta ndizi za kupika, nikapita mbele ya kibanda cha mtu anayeuza gambuti. Alikuwa amezitundika kwa kamba, jozi kwa jozi, mpya na nyeusi, na jua la saa tano lilikuwa limezipasha moto mpaka zikaanza kutoa ile harufu nzito ya mpira. Nikasimama. Mwenye kibanda akaniuliza, "Saizi gani, madam?" Sikuwa na haja ya gambuti. Nilikuwa nimerudi kwenye ua wa nyumbani kwetu, karibu na Itumbe, niko darasa la tano, na babu yangu amesimama nje ya mlango wa mama akiwa na gambuti miguuni, amekataa kuingia.

Kusema amekataa si haki, lakini hilo ndilo neno nililokuwa nalo wakati huo.

Tulimwita Sokoro, kama Wagusii wanavyomwita babu. Nyumba yake na yetu zilikuwa kwenye ua mmoja, hatua sitini kutoka mlango hadi mlango. Nilizihesabu mara nyingi, kwani nilikuwa mtoto wa kuhesabu na kuandika. Baba alikuwa akifanya kazi ya ujenzi Narok, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kila asubuhi Sokoro alipitia kwetu akielekea zizini. Alisimama hatua mbili kutoka mlangoni, akageuza uso upande wa migomba na kusalimu, "Bwakire, Mama Moraa." Moraa ni mimi. Mama alijibu akiwa ndani, "Bwakire buya, Tata." Tata ni baba, na mama alimwita hivyo ingawa alikuwa baba mkwe wake. Kisha wakazungumza kupitia ukuta: mvua, ndama, majani chai ya sehemu ya chini ambayo yalikuwa yamechelewa kuchipua. Ukiwasikia ungesema ni watu wanaopendana sana. Lakini mvua ilipokuwa ikinyesha, Sokoro alisimama chini ya ukingo wa mabati, maji yakimchuruzika begani, na mama hakusema karibu ndani hata mara moja.

Mimi nilitafuta sababu. Mama alikuwa mkali kuhusu sakafu yake, hakuruhusu mtu aingie na matope. Nikaamua kwamba shida ni gambuti.

Ijumaa moja, siku ambayo kwetu Waadventista kila kitu hufuliwa na kung'arishwa kabla Sabato haijaingia, nilizichukua gambuti za Sokoro alizoziacha nje ya zizi, nikazisugua kwa sabuni na brashi, nje na ndani, nikazirudisha zikimetameta. Nilisahau kumwaga maji yaliyobaki ndani. Sokoro alitia mguu, akaruka kama aliyekanyaga chura.

"Ni nani amenitilia mto kwenye viatu?"

"Ni mimi, Sokoro. Sasa ni safi. Unaweza kuingia kwetu."

Akacheka mpaka akaketi juu ya gogo la kuni. "Mjukuu wangu," akasema, "hata ukinisugua mimi mwenyewe kwa brashi hiyo, kwa mama yako siingii."

"Nani amekukataza?"

"Hakuna."

"Ukiingia utachapwa?"

"Na nani? Waliokuwa na uwezo wa kunichapa wote tumeshawazika."

Jibu hilo lilinisumbua, hasa kwa sababu ya kilichotokea shuleni juma lililofuata. Mwalimu Kemunto, aliyetufundisha Kiingereza, aliandika maneno manne ubaoni: *must*, *have to*, *should*, *need to*. Akatuuliza maana. Darasa zima tukajibu kwa sauti moja, "Lazima!" kwa kila neno, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa tumezoea kuyatafsiri. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Hawa ni ndugu," akasema, "lakini hawalali nyumba moja."

Akatueleza moja baada ya jingine. *Must*, alisema, ni amri ambayo anayesema ameibeba yeye mwenyewe. Inatoka ndani yake. *Have to* ni jambo la nje lililokubana: lori la majani linaondoka saa nane, upende usipende. *Should* ni lile linalofaa, linalopasa. Usipolifanya hakuna atakayekukamata, utakosa raha tu. *Need to* inaonyesha kuna kitu kimepungua na lazima kipatikane kwanza, kama chumvi kwenye mboga. Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau: Waingereza wenyewe huyachanganya wakiongea haraka. "Lakini ninyi hamjafika mahali pa kuchanganya. Kwanza mjue mnachochanganya ni nini."

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Jioni hiyo niliyapanga maneno yale kwa adhabu. *Must* ilikuwa kiboko. *Have to* ilikuwa kufokewa. *Should* ilikuwa kununiwa. *Need to* ilikuwa kulala njaa. Nilipomaliza nikaona nimekielewa Kiingereza chote.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kukusanya sentensi kutoka kwa watu wa kwetu, kila moja tuiweke chini ya neno lake na kueleza kwa nini. Sijawahi kupewa kazi iliyonifaa zaidi. Nilizunguka na daftari kama askari wa trafiki. Kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai kulikuwa na ubao wa masharti kwa Kiingereza; nikanakili kwamba majani *must* yawe mabichi na wakulima *should* wapange foleni, nikaandika pembeni: *majani yana sheria kali kuliko watu*. Karani aliyekuwa akipima akanitazama juu ya mizani. "Wewe mtoto, nani amekutuma kunipeleleza?"

Mama nilimkuta kwenye shamba la chai, kikapu mgongoni na tumbo kubwa mbele. Alikuwa amebakiza kama mwezi mmoja ajifungue. "Inanibidi nimalize mistari hii kabla ya lori," akasema, na mikono yake haikusimama. Hiyo nikaiweka kwenye *have to*.

Mwisho nikamwendea Sokoro. Nilikuwa nimeshaandika sentensi na kuacha pengo: Sokoro, nafasi tupu, asiingie nyumbani kwetu. Nikamwomba anisaidie kujaza. Hapo ndipo aliponiambia neno *chinsoni*. Ni heshima na haya pamoja, alisema, kati ya mtu na mke wa mwanawe. Baba mkwe hamgusi mke huyo. Haingii anapolala. Hamtazami akiwa hajajistiri. Na yeye mke naye anayashika hayohayo kwa upande wake.

"Kwa hiyo ni sheria?"

"Sheria huandikwa."

"Basi ni ushauri?"

"Ushauri mtu anaweza kuukataa akalala usingizi."

Nikarudi nyumbani bila kujaza pengo, nimekasirika kidogo. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni kula chakula cha mchana. Ua ulikuwa kimya. Ilikuwa siku ya soko na bibi, mke wa Sokoro, alikuwa ameenda Daraja Mbili na mikungu yake ya ndizi. Pia ilikuwa siku ya majani, kwa hiyo majirani wote walikuwa kituoni. Nilisukuma mlango, nikamwona mama sakafuni kando ya kitanda, leso yake imelowa damu. Alikuwa ameuma kona ya mto.

"Mwite Mama Kerubo," akasema.

Nilitoka nikipiga kelele. Sokoro alikuwa nyuma ya zizi akichonga nguzo. Akaja mbio na shoka mkononi, akafika mlangoni, akasimama palepale pa siku zote. Hatua mbili. Shoka likamponyoka.

"Kuna nini?"

"Damu, Sokoro. Damu nyingi."

"Kimbia kwa Mama Kerubo!"

Nilikimbia. Mama Kerubo ndiye jirani yetu wa karibu, mwanamke aliyezalisha watoto wengi kijijini kabla hajachoka na simu za usiku. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikapita nyumba mbili zaidi, kuku tu. Niliporudi, Sokoro alikuwa amesogea. Alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili, upande huu na upande huu, kama mtu anayezuia nyumba isianguke, na kichwa amekiinamisha nje.

"Hakuna mtu," nikasema.

Akavuta pumzi. "Mama Moraa, nakuja."

Na mama, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akajibu kutoka sakafuni, "Tata, usiingie. Nakuomba. Niache hivi hivi."

Nimewahoji watu wengi tangu siku hiyo, maana kazi yangu ni hiyo, na nimewasikia wakieleza mambo mazito waliyoyapitia. Sijasikia tena sentensi iliyoniogopesha kama ile. Mama alikuwa anajua hali yake kuliko sisi. Bado aliona afadhali abaki pale.

Sokoro hakubishana naye. Aliniita mimi. "Moraa, chukua blanketi. Mfunike mama yako, kutoka kichwani mpaka vidoleni. Hata unywele usionekane."

Nikafanya hivyo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa njoo unishike mkono." Nikamwendea. Alikuwa amefumba macho, ameyakaza mpaka uso wote umejikunja. "Wewe ndiye macho. Niambie pa kukanyaga."

Hivyo ndivyo babu yangu alivyoingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, na gambuti zake za matope, akiongozwa na mtoto wa darasa la tano. Nilisema, "Kushoto, kuna kiti." Akagonga kiti. Nilisema, "Inama, kuna kamba ya nguo." Akainama kupita kiasi na kugonga meza, uji wangu wa mchana ukamwagika. Muda wote alikuwa akiomba kwa Ekegusii, maneno yaleyale ya kanisani, lakini bila kupumzika kati yake. Tulipofika, akapiga magoti, akapapasa kingo za blanketi, akazikusanya kama anayefunga mzigo, akanyanyuka na mama mikononi. Nilimgeuza Sokoro kwa kumshika koti, tukaanza safari ya kutoka.

Nje tulikuwa na wilbaro ya kubebea mbolea. Nilitandika magunia, akamlaza mama, tukateremka njia ya kituo, yeye akisukuma na mimi nikitangulia kuondoa mawe. Lori lilikuwa bado linapakiwa. Wanawake walipotuona waliacha vikapu vyao, wakatuzunguka, na mara moja Sokoro akaachia mikono ya wilbaro, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio wa mikaratusi, akageuka. Mama Kerubo alikuwa pale. Alifunua blanketi kidogo, akafunika tena haraka, akamwambia dereva, "Hospitali. Sasa hivi."

Karani akaanza, "Lori hili haliruhusiwi kubeba watu, mama. Masharti ya—"

"Basi mpime!" Mama Kerubo akamkatiza. "Mweke kwenye mizani, andika kilo, useme ni majani!"

Wanawake wengine walikuwa wameshaanza kumpandisha. Dereva akaondoka na mlango wa nyuma haujafungwa vizuri, mama amelala juu ya majani mabichi ya kijiji kizima, Mama Kerubo akimshikilia kichwa.

Alijifungua mtoto wa kiume hospitalini kabla ya jioni. Mdogo, lakini mzima. Mama alilazwa siku tisa, na baba alipata ruhusa akaja kukaa naye.

Nilidhani mama akirudi nyumbani kutakuwa na sherehe. Alirudi, baba akarudi Narok, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuuelewa. Asubuhi ya kwanza nilingoja sauti ya Sokoro mlangoni. Haikuja. Nikatoka, nikamwona anapita mbali, nyuma ya migomba, njia ndefu ya kwenda zizini ambayo hakuna aliyeitumia. Asubuhi ya pili vilevile. Mama alikuwa akimnyonyesha mtoto huku ametega sikio. Kisha akaondoa macho mlangoni. Kando ya kitanda niliona mfuko wake wa safari umejaa nguo. Aliniambia anataka kwenda kwao Nyamira kupumzika kidogo kwa mama yake. Nilimuuliza kidogo ni siku ngapi. Akamhamishia mtoto titi la pili.

Kisimani niliwasikia wanawake. Mmoja alisema, "Kama mzee alimwona katika hali ile, mimi ningekuwa yeye nisingeweza kuishi ua mmoja naye. Ningerudi kwetu." Mwingine akasema, "Wanasema alifumba macho." Wa kwanza akacheka. "Nani alikuwa pale akaona?"

Nilikuwa pale. Nikabeba ndoo yangu bila kusema kitu, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo wao hawakulijua.

Daftari nililikabidhi nikiwa nimechelewa. Nilikuwa nimejaza pengo, na nimeongeza sentensi ya pili chini yake: Sokoro *had to* kuingia. Mwalimu Kemunto alisoma, akaniita mezani wakati wa mapumziko.

"Hapa nani alimlazimisha?"

"Hakuna."

"Mama yako alimwita?"

"Mama alimkataza."

"Lori? Daktari? Mzee yeyote?"

"Hakukuwa na mtu, Mwalimu."

Alichukua kalamu nyekundu. Kisha akakata *had to*, akaandika juu yake kwa mwandiko mdogo kwamba Sokoro mwenyewe aliona ni *must*. Nikamwonyesha kwamba kwenye sentensi ya juu, ile ya kutoingia, nilikuwa nimeandika *must* pia. "Nimeona," akasema. "Zote mbili ni sahihi." Nilitazama ukurasa ule. Neno moja lilikuwa limekaa pande zote mbili za mlango wa mama, na katikati alikuwa amesimama mtu mmoja ameshika miimo. Mpangilio wangu wa viboko ukavunjika siku hiyo. Hakuna aliyekuwa amemtishia Sokoro kwa lolote, huku wala kule.

Sabato iliyofuata, baada ya kanisa, kaka mkubwa wa Sokoro, Mzee Ombati, alikuja na fimbo yake na kofia ya ibada. Aliomba viti viwekwe nje, mbele ya nyumba yetu, akatuma Sokoro aitwe. Mama alibaki ndani, mlango wazi, mtoto kifuani. Mzee Ombati hakuwa mtu mbaya. Alitaka maneno ya kisimani yaishe, na alijua namna moja tu ya kuyamaliza.

"Mtoto huyu ndiye alikuwepo," akasema, akinielekeza fimbo. "Moraa, babu yako alipoingia, macho yake yalikuwaje?"

"Yalikuwa yamefumbwa."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

Nilimtazama Sokoro. Alikuwa anatazama mikono yake. Ukweli ni kwamba tulipofika kwenye kizingiti, akiwa amembeba mama, mguu wake uliteleza kwenye uji uliomwagika. Aliyumba. Na nikaona macho yake yakifunguka, mekundu, yamejaa maji.

"Mwanzo mpaka mwisho," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya watu wazima, tena siku ya Sabato, na niliusema bila kutetemeka.

Mzee Ombati akaanza kuinuka, ameridhika. "Basi, nitawaambia—"

"Nilifumbua," Sokoro akasema.

Mzee Ombati akamgeukia.

"Mlangoni. Niliteleza. Ningemwangusha yeye na mtoto. Nilifumbua nikatafuta pa kuweka mguu, nikafumba tena." Akanigeukia. "Usinifichie, mjukuu wangu. Uliona vizuri." Kisha akasema polepole, kama anayeongea na ukuta, "Na nikiteleza tena kesho, nitafumbua tena. Kama kuna wa kuhama ua huu kwa ajili hiyo, nitahama mimi. Yeye ana mtoto mchanga."

Mzee Ombati alikaa tena. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilidhani uongo wangu ndio umeharibu kila kitu.

Ndipo sauti ikatoka ndani. "Tata."

Sokoro akainua kichwa. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu alipoitwa hivyo.

"Mimi nilikuwa nimefunikwa mpaka kichwani," mama akasema. "Nilisikia mtu anaomba, nikasikia kiti kikigongwa. Sikuona mtu yeyote akiingia nyumbani kwangu. Na huyo niliyemsikia, simtaki ahame." Kisha akaniita. "Moraa, njoo."

Niliingia. Alikuwa amesimama, ameshamfunga mtoto vizuri kwenye shali jeupe. Akamweka mikononi mwangu, akanionyesha namna ya kushika shingo. "Mpelekee Sokoro wako. Mwambie bado hajaonana na mtu huyu."

Nilitembea kana kwamba nimebeba yai lililopasuka, nikavuka kizingiti, nikafika mbele ya kiti. Sokoro alifuta viganja kwenye koti lake la kanisani, mara mbili, akampokea. Akafunua shali usoni. Mtoto akapiga mwayo. Sokoro akamtazama muda mrefu, akamgeuza kichwa huku, akamgeuza kule, kisha akapaza sauti kuelekea nyumbani, sauti yake ya kila siku.

"Mama Moraa! Haya masikio ni ya nani?"

"Ya kwenu, Tata," mama akajibu, na nikasikia anacheka. "Ya kwetu Nyamira ni madogo."

Na Mzee Ombati, aliyekuwa amekuja kuuliza habari za macho, akaegemeza fimbo yake ukutani na kuinama kuyatazama masikio.